Jevons, makaa ya mawe na umeme wa tarakilishi

Kila zama huwa na kuni zake. Wazee wetu walikata miti, Waingereza wa karne ya 19 walichimba makaa ya mawe, nasi leo twategemea umeme. Miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme huo ni majumba yaliyojaa tarakilishi, yajulikanayo kama vituo vya data. Humo ndimo zinamohifadhiwa barua zetu, picha zetu na hesabu za benki zetu. Watu wengi hudhani kwamba vitu hivi vyote vimo hewani tu, kwa kuwa huduma yenyewe imepewa jina la wingu. Lakini wingu hili lina sakafu, kuta na nyaya, na njaa yake ya umeme haijapata kushiba.

Wahandisi wa vituo hivyo wamejitahidi kwa miaka mingi kuipunguza njaa hiyo. Hugawa kazi kwa uangalifu ili mashine chache zifanye mengi na zile zisizohitajika zizimwe. Swali linalozuka ni hili: je, kubana matumizi kwa namna hii huleta akiba? Mtu aliyelitafakari swali hilo mapema kuliko wengi alifariki mwaka 1882, kabla ya tarakilishi ya umeme kubuniwa. Huyu ni William Stanley Jevons, mwanauchumi na mwanamantiki wa Uingereza. Maisha yake yanastahili kujulikana katika madarasa yetu, kwa sababu mafanikio yake yanafunza na makosa yake pia yanafunza.

Jevons alizaliwa mjini Liverpool tarehe 1 Septemba 1835, akiwa mtoto wa tisa kati ya kumi na mmoja. Baba yake, Thomas, alikuwa mfanyabiashara wa chuma. Mama yake, Mary Anne, alikuwa binti wa William Roscoe, mwanahistoria na mshairi ambaye, akiwa mbunge, aliunga mkono kupigwa marufuku kwa biashara ya watumwa mwaka 1807. Nyumba hiyo basi ilikuwa na mali na pia ilikuwa na elimu. Hata hivyo, neema haikudumu. Mama alifariki mwaka 1845 kijana akiwa na umri wa miaka kumi tu, na mwaka 1848 biashara ya baba ikafilisika kufuatia msukosuko uliozuka baada ya watu kuwekeza fedha kupita kiasi katika ujenzi wa reli. Tangu utotoni, Jevons alijua kwamba utajiri wa familia, au hata wa mji mzima, waweza kusimama juu ya kitu kimoja, na kitu hicho kikiyumba wote huyumba.

Alipelekwa London kusoma, na katika chuo cha University College akazama katika kemia na botania. Kabla hajahitimu, akapata nafasi ya kazi katika kiwanda kipya cha kutengenezea sarafu mjini Sydney, Australia. Kazi yenyewe ilikuwa kupima usafi wa dhahabu. Kwa kuwa jamaa zake walikuwa wameishiwa, aliikubali. Mwaka 1854, akiwa hajatimiza hata miaka 19, alipanda meli kuelekea upande wa pili wa dunia.

Miaka mitano aliyokaa Sydney ndiyo iliyomfinyanga. Mchana alipima dhahabu kwenye mizani, na wakati wa faragha alipima kila kilichopimika: mvua, joto, upepo na mitaa ya mji pamoja na hali za wakazi wake. Alipiga picha wakati ambapo ufundi huo ungali mchanga. Polepole macho yake yakahama kutoka mbingu hadi kwa wanadamu, akaanza kujiuliza iwapo biashara na mishahara haina kanuni zake kama zilivyo kanuni za mvua. Kazi ilikuwa na mshahara mnono, na mtu mwingine angestarehe. Yeye aliiacha mwaka 1859, akarejea London kukaa tena kwenye viti vya wanafunzi. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1860, na ya uzamili mwaka 1862.

Mwanzo wa uandishi wake haukuwa na shangwe. Mwaka 1862 alipeleka makala mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Cambridge akieleza nadharia ya uchumi kwa lugha ya hisabati, wala hakuna aliyejali. Mwaka uliofuata alichapisha kijitabu kilichoonyesha, kwa kulinganisha bei za bidhaa nyingi, kwamba thamani ya dhahabu ilikuwa imeshuka baada ya migodi ya California na Australia kugunduliwa. Baadhi ya wataalamu waliisifu kazi hiyo, lakini umma haukumjua. Mwaka huo huo wa 1863 alihamia Manchester kuwa mkufunzi katika chuo cha Owens, katikati ya viwanda na moshi.

Hapo ndipo alipoiona mada iliyomtoa gizani. Uingereza ya wakati huo iliendeshwa na makaa ya mawe. Yaliyeyusha chuma, yaliendesha mashine za pamba, yalisukuma meli na magari ya moshi, na yalipasha nyumba joto. Jevons alikusanya takwimu, akaona kwamba matumizi yalikuwa yakikua kwa takriban asilimia 3.5 kila mwaka. Ni kiwango kidogo kwa sikio, lakini mwenye kujua hesabu hutambua kwamba kitu kinachokua hivyo hujirudufu kila baada ya miaka 20 hivi. Mwaka 1865 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika kitabu kiitwacho The Coal Question, yaani suala la makaa ya mawe.

Sura moja ya kitabu hicho ndiyo iliyompa maisha marefu zaidi. Wengi walikuwa wakijipa moyo kwamba makaa yasingekwisha kwa kuwa mafundi walikuwa wakibuni mashine zinazotumia makaa machache. Jevons aliikataa faraja hiyo. Alitazama historia ya injini ya mvuke. Injini za mwanzo zilikula makaa mengi mno kwa kazi kidogo, hata wachache tu wenye migodi ndio walioweza kuzitumia. James Watt alipozirekebisha na kupunguza ulaji wao, kila mwenye kiwanda alizitaka. Injini moja ilikula kidogo, nchi nzima ikala zaidi. Vivyo hivyo huko Scotland: ufundi wa kupuliza hewa ya moto ndani ya tanuri, uliovumbuliwa na James Neilson mwaka 1828, ulipunguza makaa yaliyohitajika kuyeyusha tani moja ya chuma hadi chini ya theluthi ya kiwango cha awali. Lakini kati ya mwaka 1830 na 1863, jumla ya makaa yaliyotumiwa na viwanda vya chuma vya huko iliongezeka mara kumi.

Sababu yake si ya kimiujiza. Kitu kikitumika vizuri zaidi, kazi inayofanywa nacho huwa rahisi kwa bei. Bei ikishuka, wanunuzi huongezeka, na wale wa zamani hununua zaidi. Faida ikipanda, wenye mitaji hujenga viwanda vingine. Fikiria mama anayenunua jiko jipya linalotumia nusu ya makaa. Huenda kweli akabaki na fedha mfukoni. Lakini pia huenda akaanza kuchemsha maharagwe kila siku badala ya mara moja kwa juma, au akafungua mkahawa mdogo kwa kuwa sasa upishi una faida. Hakuna ubaya katika hilo, na pengine maisha ya nyumba yake yamekuwa bora. Lakini asidai kwamba makaa yamepungua kijijini. Wanauchumi wa leo huuita mwenendo huu kitendawili cha Jevons.

Kitabu kilitikisa nchi. Mwanafalsafa John Stuart Mill, ambaye wakati huo alikuwa mbunge, alikizungumzia bungeni mwaka 1866. Waziri wa Fedha, William Gladstone, alikitumia kuhimiza kwamba deni la taifa lipunguzwe wakati nchi ingali na uwezo. Tume ya kifalme iliundwa kuchunguza akiba ya makaa, ikatoa ripoti yake mwaka 1871. Jevons mwenyewe hakutaka viwanda vifungwe. Alilotaka ni kwamba nchi itambue kuwa inakula urithi usiorudi, na kwamba wakati wa shibe utumiwe kulipa madeni, kuwatoa watoto viwandani na kuwapa elimu. Mwaka 1866 alifanywa profesa wa mantiki na uchumi huko Manchester, na mwaka uliofuata akamwoa Harriet Ann Taylor, ambaye baba yake aliasisi gazeti la Manchester Guardian.

Upande wa pili wa akili yake nao unatuhusu. Jevons alikuwa mfuasi wa George Boole, mwanahisabati aliyeonyesha kwamba hoja zaweza kuandikwa kama milinganyo. Mwaka 1869 alimwajiri fundi wa saa wa Salford, akamtengenezea mashine iliyofanana na piano ndogo yenye vibonye 21. Mtumiaji alibonyeza vibonye kulingana na maelezo aliyopewa, na mashine ikafuta kwenye uso wake kila jambo lisilowezekana hadi yakabaki yale tu yanayokubaliana na hoja. Mnamo Januari 1870 aliionyesha mbele ya wanachama wa Royal Society huko London. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia ya sayansi mjini Oxford. Ni miongoni mwa mababu wa tarakilishi, ingawa haikuhitaji nishati yoyote ila ya vidole. Mtu yule yule aliyechunguza njaa ya mashine za mvuke ndiye aliyeijenga moja ya mashine za kwanza za kufikiri.

Mwaka 1870 alitoa pia kitabu cha mafunzo ya awali ya mantiki kilichotumiwa shuleni kwa miongo mingi. Mwaka 1871 ukafuata uchambuzi wake wa nadharia ya uchumi, alimoeleza kwamba thamani ya kitu hutegemea manufaa ya kile kipimo cha mwisho tunachokiongeza: kikombe cha kwanza cha maji kwa mwenye kiu ni uhai, cha kumi ni mzigo. Carl Menger wa Austria alifikia wazo kama hilo mwaka huo huo, na Léon Walras, Mfaransa aliyefundisha Uswisi, alichapisha lake mwaka 1874. Kwa watatu hawa uchumi ulichukua sura mpya.

Haifai, hata hivyo, tumchore Jevons kama nabii asiyekosea. Kwa kuendeleza ile asilimia 3.5, alikokotoa kwamba kufikia mwaka 1961 Uingereza ingekuwa ikihitaji zaidi ya tani milioni 2,600 za makaa kwa mwaka. Mwaka huo ulipofika, nchi ilitumia chini ya tani milioni 200. Uchimbaji ulifikia kilele mwaka 1913 kwa tani milioni 287, kisha ukateremka. Mafuta ya petroli, ambayo Jevons aliyadharau, yalichukua sehemu kubwa ya kazi ya makaa, na kituo cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe nchini Uingereza kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024, ilhali makaa mengi yangali ardhini. Hofu ya uhaba ilimwandama hata nyumbani. Aliamini kwamba karatasi nazo zingeadimika, akanunua shehena ambayo wanawe walikuwa bado hawajaimaliza miaka 50 baadaye. Aidha, alijaribu kuthibitisha kwamba misukosuko ya biashara husababishwa na madoa yanayoonekana juani kwa vipindi, nadharia ambayo imeachwa.

Afya yake haikuwa imara. Alikosa usingizi, alizongwa na huzuni, na kazi ya kuhutubia madarasa ilimchosha. Mwaka 1876 aliondoka Manchester na kurudi London kufundisha katika chuo alichosomea, na mwaka 1880 akajiuzulu ili apate kuandika. Tarehe 13 Agosti 1882, akiwa mapumzikoni na familia yake karibu na Hastings, aliingia baharini kuogelea, akazama. Alikuwa na umri wa miaka 46, akaacha mjane na watoto watatu. Siku 22 baada ya kifo chake, Thomas Edison alifungua kituo chake cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe mjini New York. Zama za umeme zilikuwa zimeanza.

Turejee sasa kwenye wingu letu. Mwaka 2007 Luiz Barroso na Urs Hölzle, wahandisi wa kampuni ya Google, walieleza kwamba seva, yaani tarakilishi zinazohudumia nyingine, mara nyingi hutumia kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wao, na kwamba seva ya wakati huo isiyo na kazi ilikula takriban nusu ya umeme ambao ingekula ikiwa na kazi tele. Ni sawa na matatu kumi zinazotoka kituoni pamoja, kila moja ina abiria wawili, zote zikichoma mafuta. Dawa ikawa kuwakusanya abiria. Kazi za wateja wengi huwekwa katika mashine moja, huhamishwa kutoka seva hadi seva bila mteja kujua, na seva zilizobaki tupu hulazwa. Kupoza majumba nako kuliboreshwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Eric Masanet na wenzake walichapisha mwaka 2020 makadirio kwamba kati ya mwaka 2010 na 2018, kazi iliyofanywa na vituo vya data duniani iliongezeka kwa asilimia 550, lakini umeme uliotumika uliongezeka kwa asilimia 6 tu. Anayetaka kumpinga Jevons ana ushahidi hapa. Ubanaji waweza kwenda sambamba na ukuaji, ukauzuia usiongeze ulaji kwa miaka kadhaa. Huo ni ufundi wa kupongezwa, na bila huo hali ingekuwa mbaya zaidi.

Lakini abiria wapya walikuwa njiani. Nchini Marekani, umeme wa vituo hivi ulipanda kutoka terawati-saa 58 mwaka 2014 hadi 176 mwaka 2023, hasa kwa sababu ya tarakilishi za akili unde. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya dunia nzima vilitumia terawati-saa 415, ambazo ni takriban asilimia 1.5 ya umeme wote, na kwamba huenda kiasi hicho kikazidi maradufu kufikia mwaka 2030. Nchini Ireland, vilikula asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015, na asilimia 21 mwaka 2023. Mnamo Januari 2025, kampuni ya Kichina ya DeepSeek ilipotoa programu ya akili unde iliyosemekana kutumia nguvu ndogo, Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, alilitaja hadharani lile wazo la Jevons kama habari njema: huduma ikiwa rahisi, watumiaji wataongezeka. Kwa muuzaji, kweli ni habari njema. Lakini jambo hilo hilo lilikuwa onyo kwa Jevons, kwa maana alilitazama kwa jicho la nchi yenye ghala moja.

Nasi hatuko mbali na ghala hilo. Mwezi Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 ambao ungejumuisha kituo cha data huko Olkaria, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini na kuanza na megawati 100. Mwaka 2025, mahitaji ya Kenya nzima katika saa za kilele yalikuwa megawati 2,300 na ushei. Yaani kituo kimoja, katika hatua yake ya kwanza tu, kingedai takriban sehemu moja kati ya 23 ya umeme ambao taifa lote huuhitaji jioni taa zinapowashwa. Umeme wa Olkaria hauna moshi wa makaa, na hilo ni jema. Lakini hata mvuke safi una kipimo chake, na megawati iliyokwenda kwenye seva haikwenda kwenye kijiji ambacho watoto wake wangali wanasomea kibatari. Sisemi mradi kama huo ukataliwe. Nasema tusitulizwe na ahadi kwamba mashine zake ni bora na hula kidogo, kabla hatujauliza ni ngapi, na nani ataamua zikome wapi. Ireland ililazimika kuweka masharti mapya mwaka 2021, wakati ambapo vituo vilikuwa vimekwisha kujengwa.

Kiswahili chaweza kutusaidia hapa. Kubana matumizi ni tendo, na akiba ni kitu kilichobaki. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, lakini walikuwa wakizungumzia nafaka iliyomo ghalani, ambayo mtu angeweza kwenda kuitazama. Umeme uliobanwa katika seva moja na kupewa seva nyingine saa hiyo hiyo hauko ghalani. Umetumika. Mhandisi amebana, na taifa halina akiba. Ili akiba iwepo, lazima pawe na mtu au sheria ya kusema kwamba kilichookolewa hakitaguswa, au kitapelekwa mahali fulani palipokubaliwa na wote. Hiyo ni kazi ya bunge, wasimamizi wa nishati na raia wenye kuhoji. Haiwezi kufanywa na programu ya kugawa kazi, hata ikiwa hodari namna gani.

Mwalimu wa hisabati, wa jiografia au wa biashara anaweza kulifanya hili kuwa somo la juma moja. Wape wanafunzi takwimu mbili: ulaji wa mashine moja, na ulaji wa mashine zote. Waambie waeleze kwa nini ya kwanza yaweza kushuka huku ya pili ikipanda. Kisha wape ule utabiri wa Jevons wa mwaka 1961, wautafutie kosa lake: alidhani kwamba kasi ya jana ingedumu milele. Mwanafunzi atakayeyaelewa yote mawili, ukweli wa sura ile na kosa la hesabu ile, hatadanganywa kwa urahisi na mwenye kuuza mashine wala na mwenye kuuza hofu.

Jevons alikosea tarehe na akakosea kiasi, lakini swali alilouliza lingali halijajibiwa. Waliomsikiliza mwaka 1866 walikuwa na makaa tele, wakaweza kuahirisha jibu. Sisi tuna Olkaria moja.